Jina Nililolikata Kwenye Orodha ya Japani

Wenzangu mliobaki kituoni, mliniomba niwaachie mwongozo mfupi wa ile kozi ya siku tatu ya waendao Japani. Nimeanza mara tatu, nikachana mara tatu. Mwongozo wenyewe upo, uko kwenye kabati la bluu, rafu ya chini, na mwenye macho atausoma. Kisichokuwemo kabatini ni habari ya jina moja nililolikata kwenye orodha kwa kalamu yangu mwenyewe. Habari hiyo nataka muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Kwa mlioripoti juzi, kazi yangu ilikuwa hivi. Kila mwaka watu wa mkoa wetu hualikwa Japani kwa wiki kadhaa au miezi kadhaa: maafisa kilimo, wauguzi, wakulima, mafundi. Kabla hawajaondoka walikaa nami siku tatu katika kile chumba kirefu nyuma ya stoo, nikawajulisha mila na sanaa za zamani za nchi ile, namna ya kuingia nyumbani kwa mtu, kusalimia, kula, kuoga, kuandika kwa brashi, kupanga maua, kufunga zawadi, na kunywa chai kwa taratibu za wazee wao. Siku ya tatu nilitia sahihi kwenye fomu kwamba fulani ameandaliwa. Fomu isiyo na sahihi yangu haikutoka Singida, na mwenye fomu hiyo hakutoka pia. Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuja vilivyokuja, na mshahara wa kituo chetu mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza Japani nilikuwa msichana wa Kiomboi ambaye hajawahi hata kuona treni. Nilipelekwa kwa mafunzo ya miezi kumi, nikafikia hosteli iliyoendeshwa na mjane mmoja aliyeitwa Haruko. Nilikuwa nimenunuliwa viatu vipya vya safari, vyeusi, vyenye kisigino, na nilijivunia viatu vile kuliko cheti changu. Nikaingia navyo moja kwa moja hadi kwenye tatami, ile mikeka minene ya majani ambayo wao hulala na kula juu yake. Mama Haruko alipiga magoti na kitambaa kibichi, akafuta nyayo zangu moja baada ya nyingine, akirudi nyuma hadi mlangoni. Alikuwa na umri wa kumzaa mama yangu. Heri angenizaba kofi.

Pale pale nikaapa kwamba kama nitarudi nyumbani na akili zangu, hakuna mtu wa Singida atakayepata aibu ile mlangoni pa mtu. Niliporudi, kituo kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwaelekeza wasafiri, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakisumbua kila kikao kwa habari za viatu, kazi nikapewa mimi. Jina la Mama Japani mlinipa ninyi, na najua wengine walilisema wakibinua midomo. Sikujali. Nilikuwa na kiapo.

Yote niliyofundisha nilifundishwa na Mama Haruko, jioni, baada ya masomo ya mchana. Alikuwa na neno moja tu la kufundishia, "tena". Nikikosea kukunja kitambaa, tena. Nikikanyaga ukingo wa mkeka, tena. Mara ya kwanza nilipokaa kwa magoti saa nzima miguu ilikufa ganzi, nikainuka kwa haraka, nikaangukia kwenye chombo cha maua. Aliokota maua, akayapanga upya, akasema tena. Siku ninaondoka alinipa mchapo wake wa kuchapia unga wa chai kwenye maji ya moto, uliochongwa kwa mwanzi mmoja ukapasuliwa nyuzi nyembamba kama nywele. Huo mtaukuta kwenye kopo la maziwa. Usioshwe kwa sabuni, na asiupige mtu ukingoni mwa bakuli kama mwiko wa ugali.

Vifaa vingine ilibidi nivitafute hapa hapa. Tatami sikuwa nayo, nikashona mikeka minne ya milala ikawa mmoja mkubwa, nikautia ukingo wa kitambaa cheusi ili watu wajifunze kutokanyaga ukingo. Brashi nilitengeneza kwa manyoya ya mbuzi, wino kwa masizi ya sufuria. Ule unga wa chai ya kijani niliokuja nao ulikwisha mwaka wa pili, nikahamia unga wa majani ya mlonge. Rangi ni ile ile. Ladha ni ya kuadhibia watu, lakini niliwaambia wasafiri kwamba atakayeweza kumeza ule bila kukunja uso, chai ya Japani itamteleza kama uji. Kwa vile chai ile hutanguliwa na kitu kitamu, niliwapa kashata.

Upangaji wa maua ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Watu wetu wamezoea maua ya harusini, ambapo chombo kikiwa na nafasi kinajazwa. Mimi niliweka vijiti viwili vya porini na ua moja la alizeti lililoinama, nikawaambia ndiyo yamekwisha. Walitazamana. Nilijua wanawaza kwamba bajeti ya maua imeliwa. Maandishi ya brashi waliyapenda zaidi, ingawa sharti lake ni kali, kwani mstari ukishapigwa haurudiwi wala haurekebishwi. Fundi cherehani mmoja wa Mandewa alilielewa haraka kuliko walimu wote, akasema ni sawa na mkasi ukishaingia kwenye kitambaa cha mteja.

Bafu nililifundisha nikiwa nimewatenga wanaume na wanawake, na bado walicheka. Pale mtu husugua mwili na kujisuuza kando, akishatakata ndipo anaingia kwenye maji ya moto ambayo nyumba nzima itayatumia. Daktari mmoja wa mifugo aliniuliza sasa kama umeshaoga, yale maji ni ya nini. Nikamwambia akakae humo dakika kumi ndipo aniulize tena. Aliporudi Singida hakuuliza. Zawadi nazo zilikuwa na mtego wake. Kule zawadi ya heshima huletwa imefungwa kwenye kitambaa kizuri cha mraba, na kitambaa ni cha mleta zawadi, hurudi naye. Sisi tuliozoea kupewa khanga tukadhani kitambaa nacho ni chetu. Dada mmoja wa Ikungi alikifanya kilemba mwezi mzima, na mwenyeji wake kwa adabu akawa anamsifia kilemba.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa ya mlokole mmoja wa Mkalama, fundi wa pampu za maji, aliyekataa kuinama. Alisema yeye humwinamia Mungu peke yake. Sikubishana naye kwa Maandiko, maana angenishinda. Nilimwuliza anamwamkiaje babu yake mzaa baba. Akasimama akanionyesha, mgongo umepinda, macho chini, mikono mbele. Nikamwuliza kama hapo amemsujudia babu. Akacheka, akainama, akaenda Japani, akarudi na wokovu wake wote. Tangu siku hiyo jibu lile nililiweka mfukoni kama dawa ya kichwa, na kila aliyesita mbele yangu nilimpa hiyo hiyo bila kumpima.

Ndipo akaja Hamisi.

Mwaka ule kijiji kimoja cha milimani kule Japani kiliwaalika mafundi sita wa kazi za mikono kwa mwezi mmoja, waone kazi za wazee wa kule na waonyeshe za kwao. Hamisi alikuwa mchonga mizinga ya nyuki kutoka Itigi, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya. Yeye ndiye aliyetafutwa hasa, kwa sababu wazee wa kijiji kile nao wanafuga nyuki kwenye magogo yaliyotobolewa, na vijana wao hawataki tena kujifunza. Walituma picha ya mzinga wao. Hamisi aliishika picha ile muda mrefu, mwishowe akasema, "Mlango kauweka chini mno huyu." Kisha akaniuliza kama kwenye ndege wataruhusu tezo. Alikuwa hajawahi kufika mbali zaidi ya Dodoma, na safari ile aliitaka. Kila mtu aliliona hilo usoni mwake.

Katika wale sita alikuwemo Mama Halima, msusi wa vikapu kutoka upande wa Mkalama, mama wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye vidole vyepesi kuliko vya wasichana. Na mwaliko ulisema jambo moja waziwazi. Wageni wangepokelewa kwa chai ya heshima kubwa, ile chai nzito ambayo wageni wote hunywa kwenye bakuli moja. Mmoja anapiga mafunda matatu, anafuta ukingo, anampa wa pembeni yake kwa mikono miwili. Wenyeji waliomba kila mgeni awe amefundishwa kukaa kwenye chai hiyo, kwa kuwa ndani yake yamo mambo yao yote: maua, maandishi ukutani, chombo, chakula, na namna ya mtu kumheshimu mwenzake.

Siku ya kwanza nilifundisha salamu. Hamisi alichukua kiti cha nyuma kabisa, kando ya kabati, nusu yake iko nje ya mlango. Nilipowapanga wawili wawili wainamiane, orodha ilimkutanisha na Mama Halima. Akaomba udhuru, akatoka, hakurudi hadi zoezi lilipokwisha. Nikajua ni lile la mlokole, ila safari hii limevaa kofia. Nikamwita pembeni mwa chumba nikampa dawa yangu ya babu mzaa baba. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema hana shida na kuinama. Nikamwuliza shida iko wapi basi. Akaangalia chini, asiseme kitu, na mimi nikauandika ukimya ule kuwa ni ukaidi.

Siku ya pili nilitandika mkeka, nikachemsha maji, nikawapanga sita kwa duara. Mama Halima alikuwa wa tatu, Hamisi wa nne. Maana yake angelipokea bakuli kutoka mikononi mwa yule mama na kuweka mdomo pale mama alipotoa wake. Wenzake wakakaa. Hamisi akavua viatu, akavigeuza vielekee mlangoni vizuri kuliko wote, akasimama hapo hapo. Akasema atatazama kutoka pale. Nikamwambia chai haitazamwi, inanywewa. Akarudia kwamba atatazama.

Nilikuwa na kiapo changu cha miaka mingi, na mbele yangu mtu mzima anakikanyaga. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba asiyeweza kukaa mkekani hapa hataweza kukaa kule, na mimi siwezi kutia sahihi uongo.

"Basi, Mwalimu," alisema. "Niache."

Nikachukua orodha, nikapiga mstari juu ya jina lake. Alivaa viatu, akaaga kwa adabu, akaenda kutafuta basi la Itigi. Mama Halima alikuwa ameshusha khanga hadi usoni tangu Hamisi alipofika mlangoni. Niliona, nikadhani ni harufu ya mlonge.

Baada ya chakula cha mchana Mama Halima alinifuata. Akaniomba nimkate yeye, yule wa Itigi nimrudishe. Akasema magoti yake yamechoka, na safari ni ndefu. Nami, mwalimu mkubwa, nikampa somo la kukunja mto mdogo na kuuweka chini ya visigino ili magoti yapumzike. Alinishukuru. Kisha akaenda zake.

Saa kumi na moja nafunga chumba, Mzee Petro, mlinzi wetu wa getini wakati ule, akaniuliza yule bwana wa mizinga amekosa nini. Nikamweleza. Mzee Petro akavua kofia akajikuna.

"Mwalimu, ulitaka akae mkeka mmoja na mama mkwe wake?"

Nikamwuliza amejuaje. Akasema kuna haja gani ya kuambiwa. Tangu juzi, kila yule mama akitokea njia ya jikoni, yule bwana anaacha njia, anaingia nyuma ya tangi la maji, anageuza uso hadi apite. Na yule mama akijua bwana yuko kisimani, anakaa na kiu yake. Mke wa mtu wa Itigi anaitwa nani, aliniuliza. Nikafungua fomu ya Hamisi pale pale mlangoni. Jina la mke lilikuwa Halima.

Nilikaa kwenye ngazi. Kwa walio wageni na mambo yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali wakionana, na chombo kimoja hakipiti mikononi mwao wote wawili. Salamu zao hupita kwa mtu wa katikati. Vijana wa mjini wameanza kuyalegeza haya, lakini wapo wengi wanaoyashika, na anayeyashika hayatangazi, maana hata kumtaja mkwe kwa shida yako mbele yake ni kumvunjia heshima. Hamisi asingeweza kuniambia huku mama yule ameketi hatua tatu kutoka kwake. Mama Halima asingeweza kuniambia kabisa. Mimi ni Mnyiramba. Nimekulia nyumba ambayo baba yangu alizunguka shamba zima la mtama ili asikutane na bibi yangu mzaa mama kwenye njia nyembamba. Nilijua Mjapani anaweka wapi vijiti vyake akimaliza kula, na sikuona mkwe akijificha nyuma ya tangi langu la maji. Niliona aibu kuliko siku ile ya viatu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kuonyesha watu yao.

Orodha ilitakiwa kuondoka Ijumaa. Alhamisi asubuhi nilipanda basi kwenda Itigi bila kumwuliza mtu ruhusa. Nilimkuta Hamisi uani kwake, gogo limelala mbele yake, vibanzi vimejaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Akasimama, akaniamkia, akanipa kigoda, akamwita mkewe alete maji. Nikanywa. Kisha nikateremka kwenye kigoda, nikapiga magoti juu ya vile vibanzi, nikaweka viganja viwili chini na paji la uso juu yake, kama Mama Haruko alivyonifundisha kuomba radhi kwa kosa lisilo na kisingizio. Nikamwambia nimemkosea yeye na nimemkosea mama.

Halima alisimama na kikombe mlangoni mwa jiko. Hamisi akasema, "Inuka, Mwalimu. Watu watasema nimekuroga."

Nilipokaa, hakutania tena. Aliniuliza, bila hasira, angeniambiaje na mama yule amekaa pale. Nikasema ni kweli, asingeweza. Nikamwuliza kama bado anaitaka safari.

"Naitaka," alisema. "Lakini kama ni mmoja abaki, nibaki mimi. Siwezi kumpunguzia safari yule mama."

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa ameshajitoa kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyejua, kwa sababu hawazungumzi. Nikamwambia hakuna atakayebaki. Nilisema hivyo nikiwa sijui nitafanyaje.

Mkuu wa kituo hakufurahi. Alisema kuna wachonga mizinga wengine, wasio na wakwe. Alisema pia, na hapa alikuwa na haki, kwamba wenyeji wameomba jambo moja tu, watu wanaojua kukaa kwenye chai, na sisi tunawapelekea wawili wasioweza kukaa pamoja. Tutaonekana wasumbufu, na mwaka ujao mwaliko utaenda mkoa mwingine. Nikamwambia nitaandika fomu sita mpya, na kama ya Hamisi haitatoka basi na hizo tano zitabaki bila sahihi yangu. Mwishowe alisema orodha itasubiri wiki moja, ila barua ya kuwaeleza wenyeji niandike mimi, na lawama ikija nitaipokea mimi. Tukakubaliana.

Barua ile niliandika Ijumaa nzima. Nilieleza mambo ya ukwe kama yalivyo, bila kuomba msamaha kwa niaba ya mila yangu na bila kuipamba. Nikasema watu hawa wawili watazijua taratibu za chai vizuri kabla ya kuondoka, ila hawawezi kushiriki bakuli moja wala mkeka mmoja, na kwamba kosa la kutosema mapema ni langu. Nilipoituma kwa barua pepe nilingoja siku nne. Niliogopa jibu la adabu. Mliofanya kazi na Wajapani mnajua kwamba wakikukatalia hawasemi hapana, wanasema jambo hili ni gumu kidogo.

Jibu lilitoka kwa mwalimu wa chai wa kijiji kile, mzee wa miaka themanini. Alisema ataandaa mabakuli mawili, na katikati ya chumba atasimamisha kile kiambaza cha kukunja cha karatasi ambacho wao hutumia kukinga upepo. Aliniuliza maswali mawili tu. Nani kati yao ni mkubwa, ili apewe nafasi ya juu. Na wakae umbali gani ili yule mama atulie. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama. Miaka yote niliyowafundisha watu adabu, swali hilo la pili sikuwahi kumwuliza mtu hata mmoja aliyeketi mbele yangu.

Wiki iliyofuata niliwaita wote sita turudie siku ya chai. Niliushonoa mkeka wangu, ukawa miwili, nikafunga pazia la stoo katikati kwa kamba. Mama Halima na wawili upande mmoja, Hamisi na wawili upande wa pili, yeye wa mwisho. Hamisi alikunywa mlonge bila kukunja uso. Nilitia sahihi fomu yake mbele yake, ile mpya, safi. Jina lililokatwa nililiacha kwenye orodha ya zamani, na orodha hiyo imo kabatini juu kabisa ya mwongozo. Msiitupe. Na fomu ya maombi mtaona nimeongeza mstari mmoja, unaomwuliza msafiri, akiwa peke yake na kabla ya siku ya kwanza, kama yupo mtu katika kundi ambaye haifai wakae pamoja. Utani mliufanya sana juu ya mstari ule. Tangu niuweke umejazwa mara nyingi kuliko mnavyofikiri.

Waliondoka, wakakaa mwezi wao, wakarudi. Hamisi alikuja kwanza, akaniambia ule mlango wa mzinga wamekubali kuupandisha, na zaidi ya hapo hakusema mengi. Mama Halima alikuja baadaye peke yake, na kikapu cha karanga. Nikamwuliza ya vikapu vyao vya mianzi, akaniambia. Nikamwuliza ya baridi, akaniambia. Ya chai sikutaka kuuliza, akaanza mwenyewe.

Alisema kiambaza kilikuwa kirefu kumpita mtu, kimechorwa majani, wala kivuli hakikuonekana. Bakuli la upande wake lilipokwisha, wakabaki wametulia wakisubiri upande wa pili. Mnajua taratibu zao, anayemaliza bakuli hulivuta funda la mwisho kwa sauti, ili mwenyeji ajue kwamba chai imenywewa yote. Kwetu ingekuwa tabia mbaya.

"Wa mwisho kule alikuwa yeye," Mama Halima alisema. Alishusha khanga kidogo, akatazama mikono yake. "Mwanangu kaolewa mwaka wa kumi na moja huu. Anapika, sijui kama mumewe anakula. Yule mkwe wangu sijawahi kumsikia hata akimeza maji. Siku ile nilimsikia, Mwalimu. Alimaliza yote."